Kiwambo Ndani ya Nailoni

Jumatatu, 3 Julai 1995
Bastola mpya imefika na kiwambo chake – kile kibomba cha kuzima mlio. Na springi tatu za ndani yake kwenye mfuko, ichaguliwe moja: laini, ya kati, ngumu. Meneja Rehani kaileta mwenyewe, kifua mbele. Shikamoo hakunipa, na nimemzidi miaka ishirini. Eti sasa ni soko huria, wageni wa uwindaji wanataka utulivu. Mnyama aliyejeruhiwa karibu na mahema amaliziwe kimyakimya, wasije wakamwaga chai. Haya bwana. Miaka kumi na tisa nimetunza silaha za serikali mpaka nikapunguzwa kazi, sasa natunza za kampuni hii, sijaona ngiri anayekufa kwa adabu.

Jumatano, 5 Julai
Meneja kachagua springi laini. Kajaribu mwenyewe nyuma ya ghala, risasi kumi, haikukwama. Akanitazama utadhani kazaa mapacha.

Lakini kiwambo hakukifunga! Bado kimo ndani ya nailoni. Nikauliza. Akasema masizi yatakichafua kabla wageni hawajakiona. Ndivyo alivyo, kitu kipya hakivui nailoni: viti vya gari nailoni, makochi nailoni, rimoti ya TV nailoni. Nikamweleza polepole, kama mtoto wa chekechea. Ukifunga kiwambo, moshi unarudi nyuma kwa nguvu, springi laini haihimili. Vijaribiwe pamoja. Akasema, Mama Regina, mimi nina diploma ya uongozi.

Springi haijui diploma.

Alhamisi, 6 Julai
Nimesikia leo: atakayeibeba kambini Kisaki ni Mikidadi. Mikidadi wangu. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na dada yangu, mama yake, hayupo tena. Ni wangu basi.

Ngiri aliyejeruhiwa haangalii diploma, anaingia miguuni. Bastola ikikwama hapo? Nimeogopa. Sina cha kuongeza.

Jumamosi, 8 Julai
Asubuhi meneja kaniletea karatasi nitie sahihi: bastola imejaribiwa pamoja na kiwambo. Imejaribiwa na nani? Na mashetani wa Uluguru? Nikamwambia nitasoma kwanza. Akaenda mjini kununua soda za wageni.

Nikachana nailoni kwa meno, nikafunga kiwambo, nikajaribu springi zote.

Springi yake laini: risasi ya pili tu, ganda la risasi limebanwa, bastola haifungiki wala haifunguki. Ya kati: ilikwama ya saba. Ngumu: kumi na mbili, safi, kama cherehani. Nikaiacha humo humo. Matokeo yote nimeyaandika nyuma ya karatasi yake.

Saa saba karudi. Akaona kiwambo cheusi kwa masizi. Swali la kwanza – nani kachana nailoni? Bastola imekwama, haikukwama, hajauliza mpaka sasa. Karatasi kaigeuza, kaisoma, kaikunja. Kaamuru nirudishe springi aliyochagua yeye, nifute masizi, nitie sahihi kwenye karatasi nyingine. Gari la Kisaki linaondoka saa nane. La sivyo nikabidhi funguo za ghala, na Jumatatu nisionekane. Mjinga huyu, kwa ajili ya nailoni.

Sasa ni saa nane kasorobo. Bastola iko mezani, springi ngumu bado imo ndani. Springi yake laini ninayo mfukoni mwa gauni, funguo ziko juu ya karatasi. Sijatia sahihi. Honi imeshalia mara mbili.

Mikidadi kasimama mlangoni, begi mgongoni. Anauliza, mama mdogo, tayari? Niichukue?