Picha Isiyo na Kichwa

Ifakara, Jumapili, Juni 1956

Bado nashuku. Ama mwanangu Longino anatudanganya, ama huko Ulaya chuo kikuu kinamdanganya yeye. Mtu anavuka bahari kusomea kupiga picha, kisha anampiga mama yake picha isiyo na kichwa!

Juzi mama yake alivaa gauni la Pasaka, akasimama wima uani, miguu pamoja, kama apigwavyo picha kila mtu. Longino akamwambia, "Mama, wewe pepeta mpunga tu." Leo kaisafisha picha: mikono miwili na ungo, basi.

"Kichwa umekisahau Ulaya?" nikamuuliza.

"Baba, hii ni sanaa."

Sanaa! Kesho ukoo unakaa kuamua arudi chuoni au abaki shambani, na mtetezi wake ni mimi peke yangu. Nitawaonyesha nini, ungo?

Nilijua mama yake atakasirika. Aliishika picha, akaketi. "Hii ni mikono ya marehemu mama," akasema. "Sikujua kama ninayo."

Picha yangu, niliyopigwa nimesimama wima na tai ya kuazima, mama yake hakuitazama mara mbili.

Bado nashuku. Ila kesho nitakwenda na ile ya mikono. Yangu ibaki nyumbani na kichwa chake.