Usije Kumwona Mdadisi

Chumba Namba Tatu,
Nyumba za Walezi,
Kituo cha Tembo Yatima.

Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini kifua kimepona na baridi ya huko imeanza kukuonea huruma. Mama ni mzima. Anatembea kwa fimbo ambayo anaitukana kutwa nzima, na goti linamsumbua asubuhi tu. Mimi nipo. Mwili umeanza kudai miaka yake, ila ulimi, kama wanavyolalamika wasionipenda, bado haujazeeka.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Unasema umepewa likizo, umekata tiketi, na mwisho wa mwezi utakuja moja kwa moja hapa kituoni umwone Mdadisi, tembo aliyelelewa na marehemu Kaka, kabla hajaachiwa porini. Jibu langu ni fupi: usije. Usinune kwanza. Soma mpaka mwisho, ndipo unitukane. Simu yangu nimeizima tangu Alhamisi. Dereva wa kituo ataipiga picha barua hii akifika mjini na kukutumia.

Unakumbuka nilivyofika hapa. Moyo wa Kaka uliposimama ghafla mwezi wa pili, akiwa amebeba ndoo za maziwa, mimi ndiye niliyekuja kuchukua vitu vyake. Nilikaa siku mbili tu, nikaona jambo lililonichemsha damu: watu wazima wakiwafukuza tembo yatima kwa kupiga madebe. Nikarudi mjini nikaandika makala ya kurasa mbili. Niliwaita walezi wazazi wa kukodi, wanaobembeleza leo na kutupa kesho. Uliisoma ukanipongeza, na mimi nikavimba kichwa.

Daktari wa kituo, mama mfupi mwenye sauti ya taratibu, hakunijibu gazetini kama walivyozoea wenzake. Alinipigia simu. "Dada, kalamu yako kali, lakini umetuchinja kabla hujatujua. Njoo ukae nasi, kisha utuchinje vizuri." Mimi na uchokozi tena! Nikafunga mizigo siku ileile.

Siku ya kwanza alinipeleka nyuma ya stoo na kunionyesha mafuvu matatu ya tembo, yamepangwa juu ya matofali. Hao walilelewa hapa zamani, wakaachiwa bila kufukuzwa na mtu. Walikwenda hadi shamba la kwanza waliloliona, wakawanyooshea watu mikonga wakiomba chupa ya maziwa. Watu wakadhani wanashambuliwa. "Tuliwafundisha kila kitu isipokuwa woga," Daktari akasema. Nikamwomba radhi. Unajua mwenyewe mara ngapi hilo limetokea maishani mwangu.

Maisha ya hapa yana ratiba kama ya shule ya bweni. Alfajiri maziwa yanakorogwa na mzee mmoja mwenye mikono mikavu, tunamwita Mzee wa Maziwa. Wale wadogo kabisa hawanywi mpaka waegemeze mkonga kwenye kitu kikubwa, basi kila banda lina blanketi zito la kijivu linaloning'inia, na mlezi husimama nyuma yake, anapitisha chupa kwa chini. Mtoto anaegemea blanketi akidhani ni tumbo la mama. Mara ya kwanza kuliona nilitoka nje. Unaona miguu ya mtu tu chini ya lile blanketi, halafu kile kiumbe kinafumba macho kwa raha. Sijui kwa nini hilo liliniogopesha zaidi ya mafuvu.

Baada ya maziwa wakubwa hupelekwa vichakani kujifunza majani ya kula, adhuhuri wanagaagaa matopeni, jioni wanarudi. Walezi hubadilishana mabanda kila siku, asije tembo akampenda mtu mmoja akafa kwa huzuni huyo mtu akiondoka. Kaka alilishika sharti hilo kuliko wote. Bahati mbaya Mdadisi hakulishika. Alikuwa na wiki tatu Kaka alipomtoa kisimani kwa kamba, na tangu siku hiyo alimchagua. Sasa ana miaka saba, ndiye kiongozi wa wenzake sita, na anakokwenda yeye ndiko wanakokwenda wote.

Somo la woga liliwashinda walezi na madebe yao, maana hakuna tembo atakayemkimbia mtu aliyemnywesha. Linahitaji mgeni mwenye harufu ngeni na kelele nyingi. Unaona lilipoelekea.

"Mama Kalamu," Mzee wa Maziwa akasema, na ndilo jina walilonipa, "huo mdomo umeutumia kwetu sisi wanyonge. Tuazime, tukautumie kwa wenye masikio."

Wote walicheka, nami nikakubali. Nikafunga kibwebwe, nikapewa debe na rungu. Nilijificha vichakani, na walipokaribia nikaruka mbele yao nikipiga debe na kuwatukana matusi ambayo wahariri wangu wamekuwa wakiyafuta kwa miaka ishirini na tano. Walitimka. Nilijisikia vizuri, nikiri tu.

Kisha Mdadisi akasimama. Akageuka. Akanijia polepole mpaka nikauona unyevu wa jicho lake. Debe lilinidondoka. Alininusa kwapani, shingoni, nyuma ya masikio, halafu akatoa mngurumo wa chini ambao hausikiki vizuri masikioni, unausikia kifuani. Wale sita wakarudi mmojammoja, wakanizunguka. Hakuna aliyetingisha hata sikio.

Mdadisi akaushika mkono wangu wa kushoto. Unakumbuka Kaka alikosa nusu ya kidole cha pete mkono huo, tangu ajali ya karakana. Basi alivipitia vidole vyangu kwa ncha ya mkonga, kimoja baada ya kingine. Alipofika cha pete akasimama hapo. Akakirudia. Akakibana taratibu kama anayetaka kuhakikisha. Kisha akauachia mkono wangu, na wote saba wakainua vichwa wakatazama nyuma yangu, njiani, kama wanaomngoja mtu aliyechelewa.

Niligeuka, mdogo wangu. Hapakuwa na mtu. Nikarudisha macho kwao, bado wanatazama palepale, na mmoja akasogea pembeni kama anayempisha mtu.

Mimi si mtu wa mizimu. Nimegombana hadharani na watu wanaoishi kwa kuwatisha wenzao kwa mizimu. Nilimwambia Daktari kwamba ni harufu ya damu moja tu, akakubali: tembo humjua ndugu wa mtu kwa pua. Lakini Mzee wa Maziwa alisema, "Sawa, ni pua. Sasa nenda katazame wanavyotembea." Nikaenda. Wanatembea kwa mstari mmoja, wamesongamana, mkonga kwa mkia. Ila kati ya Mdadisi na anayemfuata pana nafasi ya mtu mmoja. Nilizifuata nyayo siku tatu nikipima kwa fimbo. Nafasi haikupungua. Njia ikiwa nyembamba, bado wanaiacha. Alama za miguu zipo mbele, zipo nyuma, na katikati mavumbi hayajaguswa.

Sikuandika neno lolote gazetini kuhusu hilo. Ningeandika nini?

Daktari hakukata tamaa. Alinikogesha kwa majivu na mafuta ya gari, akanivika ovaroli la fundi, akanifunga kitambaa usoni, na tangu hapo tukawa tunawakaribia upepo ukitoka kwao kuja kwetu, wasininuse. Ikafanya kazi. Siku tisa nilipiga debe mpaka mabega yakavimba. Siku ya kumi hawakurudi kunywa maziwa ya jioni. Wafuatiliaji wa nyayo wakatuambia wameonekana mtoni na kundi la tembo wa mwituni, na tembo jike mzee anayeliongoza amemruhusu Mdadisi asimame karibu na watoto wake. Walezi walikumbatiana. Mzee wa Maziwa alimwaga maziwa yaliyobaki huku akiimba vibaya sana. Siku kumi na moja walikaa huko.

Alhamisi iliyopita, saa sita mchana, nilikuwa nimekaa barazani na Mzee wa Maziwa, vikombe vya chai mikononi. Ujumbe wako ukaingia. Akasema, "Weka sauti kubwa, nami nimsikie mtoto wa mwisho." Nikaweka.

Hujawahi kuisikia sauti yako kama tunavyoisikia sisi. Tangu Kaka aondoke, Mama hukuita jina lake kila ukipiga simu, nawe hucheka ukidhani ni uzee. Si uzee. Uliposema, "Haya, mko wazima huko? Nakuja!", Mzee wa Maziwa alijimwagia chai kifuani na hakujipangusa. Ulipomaliza, kama nusu saa hivi ilipita. Nilipoinua macho, tembo saba walikuwa wamesimama uani. Mdogo wangu, saba! Sikusikia hata kijiti kikivunjika.

Nilikimbilia chumbani, na ndicho chumba alichoishi Kaka, nikafunga mlango. Mdadisi akaupitisha mkonga dirishani. Aligusa kitanda kutoka upande wa kichwani hadi miguuni. Akagusa msumari ambapo koti la kijani la Kaka lilikuwa likitundikwa. Akaipata simu niliyoitupa juu ya meza, akaiwekea ncha ya mkonga na kuvuta pumzi. Nafikiri ndivyo alivyoiamsha, maana ulianza kusikika ule ujumbe wako wa zamani, ambamo unakohoa halafu unacheka. Kicheko kile si chako. Umekirithi.

Hawakuitazama simu. Waliutazama mlango, wote saba, pale penye kimo cha kichwa cha mtu.

Leo ni siku ya sita. Hawajaondoka. Wanakula kidogo, majani ya karibu tu. Nikipiga debe wananitazama kwa uvumilivu, kama watu wanaomngoja kichaa amalize. Sasa hivi ninapoandika wako upande wa pili wa ukuta huu, na kimya chao nakisikia.

Lile kundi la mtoni litahama mwishoni mwa wiki, maji yanakauka. Likihama bila wao, hapa hakuna uzio wa kumzuia tembo wa ukubwa wa Mdadisi. Atakwenda kuitafuta sauti yako anakodhani itakuwa, yaani penye watu. Mashamba ya jirani yameanza kuzaa na wenye mashamba wana bunduki, nami siwalaumu, nimekaa nao, wana watoto wa kulisha. Daktari ameacha nafasi juu ya yale matofali nyuma ya stoo. Hakusema ni ya nini.

Jana alinijia na wazo, nikambishia saa nzima. Nilimwita majina. Alisubiri nichoke, akaniuliza, "Mama Kalamu, ulikuja kuwatetea wao au kuutetea moyo wako?" Amenishika pabaya, na sasa nakushika wewe.

Wana imani na sauti moja tu duniani, na mwenye sauti hiyo aliyebaki ni wewe. Hawawezi kuniogopa mimi. Inabidi waiogope hiyo.

Najua ninachokuomba. Ulitaka uje umshike shingoni, umwambie kwamba Kaka alimpenda. Badala yake nenda mahali ambapo majirani hawatakusikia, ujirekodi dakika tatu. Wafukuze. Piga kelele za mtu mwenye hasira, tumia maneno ambayo Kaka hakuwahi kumwambia mnyama wala mtu. Gonga sufuria. Mtaje Mdadisi kwa jina, ajue ni yeye. Usibembeleze hata kidogo. Usicheke, na ukilia futa uanze upya, kwa sababu kilio wanakijua. Itume kwenye simu ya dereva, siyo kwangu, kabla ya Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi tutaiweka kwenye spika kubwa, walezi watapiga madebe pande zote na kuchoma pilipili, na njia ya mtoni tutaiacha wazi. Spika nitaishika mimi, wasije walezi wakabeba dhambi ya familia yetu.

Kisha wewe na mimi tutakaa mbali na mahali hapa maisha yetu yote.

Msalimie sana wifi, mwambie shuka alizonitumia ndizo ninazolalia. Watoto waambie shangazi yao hajasahau ahadi ya vitabu. Mama anakusalimu, na mjomba fundi saa, na mjane wa Kaka ambaye sijamwambia lolote kati ya haya, nawe usimwambie. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe kifua kizima na moyo mgumu kwa dakika tatu.

Jambo moja nimelikumbuka kabla sijaifunga bahasha. Nakujua ulivyo. Utafoka vizuri, halafu mwishoni, kabla hujazima, utashusha sauti umwombe msamaha. Usimwombe. Akiusikia, atarudi.

Mimi dada yako, mgomvi wako, nikupendaye kuliko ninavyojua kusema,

Mama Kalamu.