Pipa Ulilolitoboa Ngokolo

Baba,

Mwajiri wenu alisaini Jumanne. Aliyenipa habari ni Mama Neema, aliyeshika uenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi baada yako. Mkataba wa hali bora wa kiwanda cha kuchenjua dhahabu kule Kharumwa sasa una kifungu cha mapipa. Kila pipa la sumu ya sayanidi likiisha litaoshwa mara tatu ndani ya uzio, litatobolewa na kupondwa, mjumbe wa chama akishuhudia. Hakuna pipa litakalotoka getini.

Najua ungeniuliza nini. "Umeona mwenyewe au umeambiwa?" Nimeona mwenyewe. Nilishika karatasi, nikasoma kifungu mara mbili, nikatazama saini.

Mama hajambo. Bado analisimulia pipa lako kila akipata mgeni. Mimi nilikuwepo, lakini sijawahi kuliandika popote, kwa hiyo niliweke hapa kama lilivyokuwa.

Ulilileta nyumbani Ngokolo juu ya basi, limefungwa kwa kamba, ukashuka nalo kama mtu aliyeleta ng'ombe. Pipa zuri, la chuma, lenye mfuniko. Kiwandani kila mtu alichukua lake, na nani angeliacha? Ulilisugua kwa mchanga na sabuni siku nzima. Mama akajaza michembe, viazi vyetu vikavu vya kiangazi chote, akafunika, na majirani wakaja kulitazama.

Wiki iliyofuata chama kikakupeleka Kahama kwenye mafunzo ya usalama. Uliporudi hukusalimia mtu. Ulibeba michembe yote ukaimwaga chooni, kisha ukalitoa pipa uani na kuanza kulitoboa kwa nyundo na mtaimbo. Mama alisimama mlangoni, mikono kichwani. "Baba Kabula, umerogwa? Watoto watakula nini?" Jirani yetu naye akaita juu ya ua: "Mzee, kama hulitaki si ungetupa sisi?"

"Ndiyo maana nalitoboa," ukamjibu, bila kuinua kichwa.

Hilo lilikuwa rahisi. Gumu ulilifanya siku ya mkutano wa tawi. Wenzako walikuwa wanabisha kwamba hakuna aliyewahi kupeleka pipa kwake. Ukasimama, mwenyekiti mzima, ukasema: "Mimi nililipeleka. Mke wangu aliweka chakula humo. Nani mwingine?" Mama Neema anasema aliyetangulia ni fundi mmoja wa matangi, akicheka kwa aibu: "Mwenyekiti, la kwangu lina maji ya kunywa." Baada ya hapo mikono ikaanza kupanda. Wiki ile mapipa yalirudi kiwandani kwa baiskeli, kwa mkokoteni, mengine kichwani.

Uongozi wa kiwanda ukakuandikia barua ya onyo kwa kutoa mali ya mwajiri bila kibali. Ulinionyesha. Niliposema naweza kuipeleka kwenye gazeti ninaloandikia ulikataa. "Waandike onyo, ng'wanone, mwanangu. Pipa nililichukua kweli." Lakini uliikunja taratibu mno, na nikaona jinsi ilivyokuuma. Ulifariki ikiwa bado kwenye faili lako.

Hukufa kwa sayanidi. Ulikufa kwa kiharusi, daktari aliniambia hivyo, na watu walioniomba niandike vingine nimewakatalia. Wewe mwenyewe ungenikataza.

Sasa sikiliza sehemu iliyowachelewesha. Mwajiri alikubali mapema kutoboa mapipa. Alichogomea ni mstari mmoja: kwamba mfanyakazi anayerudisha pipa, au anayesema alilichukua, asiadhibiwe. Meneja alisema huko ni kulea wezi. Mama Neema akaweka mezani muhtasari wa mkutano ule, maneno yako yakiwemo, akamwambia: "Mzee huyu alisema ukweli, mkampa onyo. Tangu hapo nani amerudisha pipa?" Hakuna aliyerudisha, Baba. Mapipa yaliyobaki vijijini yalibaki kwa sababu watu waliiona barua yako.

Mstari umepita. Na chini yake wameongeza kwamba maonyo yote ya mapipa yaondolewe kwenye mafaili, ya waliopo na ya waliotangulia. Faili lako nimelifungua mbele ya Mama Neema. Barua haimo.

Nimeandika habari za migodi miaka mingi, na huwa siweki sifa. Leo naweka moja: ulikuwa mwenyekiti mzuri.

Pumzika, Baba. Jumatatu saa mbili asubuhi pipa la kwanza linatobolewa ndani ya uzio. Wameomba nyundo yako. Iko kwenye begi langu tayari. Mama naye amekata shauri kuja, anasema anataka kuona kama kuna mtu anayetoboa kwa hasira kuliko wewe. Nitasimama karibu na mjumbe wa chama, na nakuahidi nitaandika nitakachokiona mwenyewe.

Mwanao,
Kabula