Gari Lililokalafatiwa

Alhamisi, Mfungo Sita

Mvua asubuhi, jua kali mchana, na sasa kabla ya magharibi kuna upepo mwanana. Mikono inaniuma, kanzu yangu mpya ya maulidi imejaa matope mpaka magotini, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Basi niiweke hapa.

Gari limefika Kilindoni. Na limerudi.

Ni gari la marehemu Baba. Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akisimamia mashamba ya minazi na akawa anarudi kwao. Baba alipofariki lilikaa nje, chumvi ya bahari ikalila upande wa nyuma wote. Ami Seif, mdogo wake Baba, ambaye ndiye mwenye kauli katika nyumba yetu, alitaka lipakiwe melini lipelekwe Dar es Salaam likauzwe kama vyuma chakavu. Nikamwomba aniachie nilikate nyuma, nilifanye gari la kubebea nazi.

Akakubali kwa sharti. Siku ya maulidi limchukue Mama kutoka hapa Kirongwe mpaka Kilindoni na kumrudisha. Likivutwa na punda hata hatua moja, linakwenda melini, na banda langu la kufulia chuma linafungwa. "Sisi ni watu wa minazi," aliniambia, "hatukuzaliwa kupuliza mivukuto."

Hapo ndipo penyewe. Ami hakuwa na ugomvi na gari, ugomvi wake ulikuwa na nyundo.

Na Mama? Mama hakunikataza. Alichotaka ni mlango wa banda ukae umefungwa. Kila mgeni alipouliza ni nani anayegonga huko uani, alijibu kwamba ni fundi wa kuajiriwa. Mimi niko ndani, joto la tanuri usoni, jasho mpaka kisigino, namsikia mama yangu mzazi akiisifu kazi yangu kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Liliniuma. Sikumwambia.

Nilichofanya ni kuzidi kugonga. Nililikata gari nyuma ya kiti cha dereva kwa msumeno wa chuma mpaka viganja vikaota sugu. Vyuma vya mashine kuukuu ya kukamulia mafuta ya nazi nilivipasha kwa makaa ya vifuu mpaka vikawa vyekundu, nikavipinda juu ya fuawe, vikawa vishikizo vya bodi mpya. Springi za nyuma niliziongezea majani ya chuma. Rejeta ilikuwa inavuja kama chujio, nikailehemu. Leo hakikulegea kishikizo hata kimoja. Nitajisifu nani akinikataza? Shajara haina masikio.

Bodi yenyewe ni ya mbao, na mbao si fani yangu. Nilimwita Fundi Makame kutoka Jibondo, na Mjibondo huanza kuunda vyombo vya bahari kabla hajaota ndevu. Alilala kwetu, akala kwetu, na tukapendana sana kwa sababu sote wawili hatuwezi kuvumilia kazi ya ovyo. Maungio ya mbao zake aliyashindilia pamba iliyolowekwa mafuta, kalafati safi kama ya jahazi, halafu akapaka sifa, yale mafuta ya papa. Nyumba nzima ikanuka papa. Mama alikula chakula chake ukumbini kwa siku kadhaa bila kutuangalia.

Kisha tukalijaribu kama Wajibondo wanavyojaribu chombo kipya: unamwaga maji ndani, unatazama nje kama yanapenya. Tulimwaga ndoo kwa ndoo. Tukainama sote wawili chini ya gari, tukaona mchanga mkavu. Fundi Makame akasema alhamdulillahi, halivuji. Tukashikana mikono. Tukayateka yale maji kwa sufuria, tukayamwaga, tukaenda kula.

Wanaume wazima wawili, wenye akili zetu. Tumeyaona maji yamejaa kwenye bodi ya gari, tukafurahi.

Leo asubuhi Mama alipanda mbele, kajifunga buibui, mkono umeushika mlango kama anayeuzuia usikimbie. Fundi Makame alikaa nyuma na mchele, mikeka na masufuria ya shughuli. Ami Seif alikuwa ametangulia na punda wake. Tulimpita njiani, nikapiga honi kuliko ilivyohitajika. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Mvua ikatukuta mbele kidogo. Mvua ya kwetu haina hodi. Mara nikaona gari linakuwa zito, usukani mwepesi, injini inalalamika. Fundi Makame akagonga ubao nyuma ya kisogo changu akipiga kelele, "Nahodha! Maji!"

Nilipogeuka nilimwona amesimama kwenye maji yaliyokaribia magoti, mikeka inaelea, naye anayateka kwa sufuria ya pilau na kuyamwaga nje kwa mwendo ule ule wa baharini. Watu waliojikinga mvua barazani walisimama kutazama. Mtu anateka maji garini, juu ya nchi kavu! Wamepata hadithi ya mwaka.

Kwenye kilima kimoja cha mchanga gari likakwama. Magurudumu yakachimba, yakazama. Na nani huyo anakuja nyuma taratibu, kalowa chapachapa lakini anatabasamu? Ami Seif na punda.

"Mnasafiri au mnavua?" akauliza. Kisha akaanza kuifungua kamba ya tandiko.

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye mchanga ule. Niliwaza banda limefungwa na tanuri langu likifugiwa kuku. Ami akamwambia Mama, kwa upole kabisa, ashuke apande punda.

Mama hakumtazama. "Nitashuka Kilindoni, shemeji," akasema.

Hapo akili ikanirudia. Nikamwambia Fundi Makame tutoboe sakafu. Alinitazama kana kwamba nimetukana. Keekee yake ya kutobolea ilikuwa kapuni, haachani nayo, lakini aliinyoosha kwangu kwa ncha za vidole. "Chombo kilichokwisha kalafatiwa sikitoboi," akasema. "Fanya wewe, mimi nisione." Akanipa mgongo, akaangalia minazi.

Nikaingia ndani ya maji na kanzu yangu mpya, nikatoboa. Maji yakatoka chini kwa kishindo, mpaka punda akarudi nyuma. Tukatandika makuti chini ya magurudumu. Nikazungusha hendeli mpaka injini ikawaka, nikaomba Mungu, nikakanyaga.

Likapanda. Lenyewe.

Kilindoni wanawake walitoka uani kulitazama. Nikamwamkia Bi Zuhura, mwenye shughuli, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia marahaba huku anakipapasa kishikizo kimoja cha bodi nilichokifua, anakifuata kwa kidole mpaka mwisho wake. Akamgeukia Mama, akamuuliza huyo fundi wao wa kuajiriwa walimpata wapi, maana naye ana kazi.

Nilijifanya naangalia gurudumu. Nilikuwa nalijua jibu, nimelisikia mara nyingi mno nikiwa nyuma ya mlango.

"Fundi gani?" Mama akasema, kwa sauti ya kufika msikitini. "Mwanangu huyu. Kalikata mwenyewe, kalifua mwenyewe. Kila siku anagonga, ninyi hamsikii?"

Nililiangalia gurudumu lile muda mrefu sana. Sikutaka watu waone macho yangu.

Kurudi, Ami Seif alipanda nyuma, punda tumemwachia kijana wa Bi Zuhura amlete kesho. Alipokuwa anashuka ndipo akaniambia, anatazama pembeni, kwamba bawaba ya mlango wa ghala lake imekatika, na ataileta asubuhi niione. Basi. Kutoka kwake hiyo ni hotuba.

Fundi Makame amelala kwenye mkeka anakoroma, na bado hajayatazama yale matundu.

Hivi punde Mama amepita hapa na kikombe cha kahawa, akakiweka karibu yangu. Ameninusa, akakunja pua, akaniambia nikaoge. Akafika mlangoni, akasimama. "Na kesho ukianza kazi," akasema, "lifungue lile banda. Utakufa kwa joto humo."

Nitaanza na bawaba ya Ami, mapema, wageni wakiingia wanikute nagonga. Mlango nitauegemeza jiwe usijifunge.