Mate kwenye Chicha ya Eudocia

Primitiva, mimi ndiye fundi wa chicha, pombe yetu ya mahindi, kuliko wote bondeni. Haya, tumebaki wawili, na mwenzangu ni Eudocia.

Uko wapi? Shika simu!

Unakumbuka mwaka jana alivyonisema kwa padri? "Nicolasa hutafuna mahindi akayatema, mnakunywa mate yake!" Nikanyang'anywa mtungi wa sikukuu ya Mtakatifu Isidro, akapewa yeye. Mtungi wa mama yangu! Yeye eti anatumia kimea tupu.

Yule binti wa chuo kikuu, Maribel, alipokuja kuchunguza vijidudu vya chicha, nikamwambia, "Mwanangu, usiiache ya Eudocia, ni safi mno." 😇

Leo kaleta majibu ukumbini, padri yupo. Yangu ina vijidudu vya mdomoni. Watu wakacheka, nami nikacheka.

Ya Eudocia inavyo pia, tena vingi kuliko yangu.

VINGI KULIKO YANGU!!

Maribel akasema si vibaya, mate ndiyo yanayogeuza wanga kuwa sukari. Nani alimsikiliza?

Nikauliza kwa upole, "Dada Eudocia, mate ya nani hayo?"

Akapanua kinywa, ufizi mtupu. "Nitatafuna kwa jino gani? Nyumbani kwangu hatafuni mtu!"

Shoga, nikawahesabu wanawake wa nyumba ile: ni yeye peke yake. Tangu lini kutafuna kukawa kazi ya mwanamume?

Ndipo mumewe Fermín, na masharubu yake yale, akainuka ameshika mashavu: "Sasa Eudocia, mimi taya zinaniuma tangu Jumatatu kwa nini?"