Mtoto wa Dunguni Hajaitwa

Uskoti, Februari 1996

Dada yangu Kasiana,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amekaa hapo pembeni anasubiri kusikia jina lake. Miguu yake inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mtu awaletee imefika, au imeishia njiani?

Mimi ni mzima, ila nimechoka, Dada. Si ule uchovu wa jembe ambao ukilala unaisha. Naamka giza, nashinda maabara jicho kwenye hadubini nikihesabu mbu waliokufa siku nyingi, natoka giza tena. Wenzangu wakisikia nimetoka bonde la Kilombero wanafurahi kweli, lakini wanafurahia mbu wetu, si mimi.

Kuna jambo nataka kukueleza, na usicheke mpaka ufike mwisho. Jumapili mchana baada ya misa huwa nakwenda kwa Kolin, ninayefanya naye kazi maabara. Tunakuwa watu wazima wanne mezani, tunacheza mchezo. Si karata wala bao. Kolin anasimulia nchi ya kubuni yenye mazimwi na wachawi, na kila mmoja wetu ana mtu wake ndani ya hadithi hiyo, anamwamulia aseme nini na aende wapi. Vita vikitokea tunarusha dadu. Nisikudanganye, mara ya kwanza nilifuata chai na moto.

Siku moja hadithi ikatuingiza kwenye kijiji. Kulikuwa na mhunzi, walevi wawili, mbuzi, hata kasisi. Nikauliza, "Watoto wako wapi?" Wakatazamana. Kolin akasema wao hawaweki watoto, kwa sababu humo watu wanauawa, na akiuawa mtoto hakuna atakayeendelea kunywa chai yake kwa raha. Moira, mchezaji mwenzetu, ambaye ana watoto watatu, akasema yeye anakuja pale kupumzika na kelele za watoto, tusimletee wengine. Mimi nikabisha. Kijiji gani hakina mtoto wa kutumwa chumvi? Hao mbuzi anawafungia nani? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakasema haya, weka wako, lakini tukubaliane kwamba hawezi kufa. Nikalikataa na hilo. Mtoto asiyeweza kuumia ni mwanasesere tu. Moira akaniambia nina roho ngumu.

Nikamweka, akawa ndiye mtu wangu kwenye hadithi. Msichana wa miaka kumi na miwili, umri uliokuwa nao ulipoachishwa shule. Ana kombeo, ana sauti kubwa, ana kovu gotini. Umeshamjua. Nikampa jina la Kasi. Watu wazima wa hadithi wakalima mpunga, kwa sababu niliwang'ang'ania walime mpunga, wakajenga dungu la miti mirefu shambani wakampandisha Kasi aamie ndege. Nikawaeleza sheria ya Mama: "Usishuke mpaka nikuite." Wakacheka, wakasema sawa.

Jumapili iliyofuata wakaondoka kwenda kutafuta taji la mfalme lililoibwa. Walivuka milima, walipigana na kila aina ya zimwi. Zamu yangu ikifika Kolin ananiuliza, "Kasi anafanya nini?" Najibu, "Yuko dunguni, anafukuza ndege." Jumapili tatu, jibu hilo hilo. Kumbe wao walidhani mchezo umenichosha, au Kiingereza kimenishinda, wakaona aibu kuniuliza. Mimi nilikuwa nasubiri kuitwa. Kwetu mtoto wa dunguni hajishushi, na sheria nilishawaambia, sikuona haja ya kuirudia. Jumapili ya nne wakalipata taji, wakapiga makofi. Moira akanigeukia, "Na wewe, mbona hukuja nasi?"

Nikasema, "Hamkuniita."

Machozi yakanitoka pale pale, Dada. Maneno yale hayakuwa yangu.

Unaikumbuka siku ile. Tulikuwa tumesia mpunga juzi yake na ndege walikuwa wanafukua mbegu. Mjomba akatokea Mang'ula na baiskeli yake, kengele inalia tangu mbali: "Resti kachaguliwa! Resti anakwenda sekondari!" Mama akatupa jembe. Tukafuatana wote mpaka nyumbani Mkula, kuku akachinjwa, majirani wakaja na vigelegele, mimi nikafungwa khanga mpya. Jua linazama ndipo Mama akashtuka, "Jamani, Kasiana yuko wapi?" Tukakukuta juu ya dungu, sauti imekwisha kabisa, unapiga debe kwa fimbo. Mama akakuuliza, "Mbona hukushuka, mwanangu?" Ukajibu hivyo hivyo nilivyojibu mimi. Kisha ukashuka, ukaja kunipa hongera. Mimi bado nilikuwa na mafuta ya kuku mdomoni.

Moira aliponiona nalia akaniuliza huyo mtoto ni nani. Nikamwambia ni dada yangu mkubwa. Kolin akasema taratibu kwamba ndiyo maana wao hawaweki watoto. Nikamwambia hapana, wawekwe. Kosa si kumweka. Kosa ni kumweka halafu ukaenda zako kwenye taji.

Sasa nije kwenye barua yako. Kabla ya Krismasi uliniandikia kwamba umepata nafasi kwenye mafunzo ya ushonaji Ifakara, yanaanza baada ya Pasaka, ukaniuliza nasemaje. Nami nikakujibu mistari miwili: mpunga utakuwa unaiva, Mama miguu inamsumbua, ndege ataamia nani? Subiri nirudi. Nilisingizia miguu ya Mama. Kweli nilikuwa nimechoka nilipoandika, lakini uchovu haukunishika mkono. Mimi niliyesoma kwa sababu wewe ulibaki shambani, ndiye niliyekuacha dunguni mara ya pili. Naona haya. Nisamehe, Dada.

Mama, kama unasikia hapa, sikulaumu. Ulikuwa na mikono miwili tu. Lakini mjomba nimeshamwandikia, atakuja kukuchukua ukae kwake Mang'ula mpaka mafunzo yaishe. Ukitaka kugomba, nigombeze mimi.

Msalimie mjomba na mkewe, na mama yako wa ubatizo. Jirani yetu Msukuma mwambie huku ng'ombe wanalala ndani na taa inawaka, atacheka wiki nzima.

Na lile shamba liache. Mwaka huu ndege wale, washibe, walale humo humo. Mimi sitauliza hata debe moja.

Kasiana, nakuita. Shuka.

Mdogo wako,
Restituta