Pikapu ya Kusukumwa

Mjukuu wangu Nafula,

Hapa Kitale tunamshukuru Mungu. Babu yako anakohoa kidogo, lakini ugali anamaliza. Video ya gari lako nimewaonyesha akina mama wote wa kanisa. Ati wewe uko jikoni na chai yako, na gari huko nje limewaka kwa rimoti!

Unauliza, "Kukhu, zamani hukuogopa wezi?" Pikapu yangu ilikuwa na stata mbovu. Kila siku ya soko kule Chwele, wauza kabichi wenzangu walinisukumia ndipo iwake. Mwanamke mwenye pikapu sokoni nilikuwa mimi peke yangu. Siku moja nikinunua chumvi, jamaa mmoja aliingia ndani, akajaribu kuiwasha, ikakataa. Basi akatoa kichwa dirishani, akawaomba akina mama wamsukumie.

Walikuja wote, bana. "Hii si ni ya Mama Wafula? Wewe ni nani?"

Alitoroka, akaacha kiatu kimoja.

Gari lako halihitaji kusukumwa na mtu, na mimi natembea nikijivuna. Lakini niambie: huko Nairobi, majirani wanajua hilo gari ni la Nafula?

Kukhu wako,
Mama Wafula